Mguu wa Saba

Ijumaa, saa nane mchana, Msimbati. Swala imekwisha, wali umeliwa, upepo wa bahari umetulia na watu wamejilaza. Hata kuku wamejikunyata chini ya mkorosho. Nyuma ya nyumba ya Bibi wako macho wawili tu. Mtungi, mzee wa udongo aliyeletwa na bi harusi kutoka Newala enzi hizo, amekaa kichwa wazi, hana kifuniko. Pembeni yake yupo Chandarua, aliyezungushwa kwenye tuta la mchicha kama shuka iliyosahauliwa kuanuliwa. Mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni anatua kwenye mdomo wa Mtungi.

MBU: Hodi wenyewe. Shikamoo babu.

MTUNGI: Marahaba. Hodi gani hiyo ya mtu aliyekwisha ingia?

MBU: Nimekuja kutazama wanangu.

MTUNGI: Wanao hawajambo. Tangu Jumatatu wanacheza sindimba tumboni mwangu, kichwa chini, kiuno juu. Wakichoka wanapanda kuvuta pumzi kwa mkia, kisha ngoma inaendelea.

MBU: Watoto wa Mtwara hao, babu. Kesho kutwa wanaota mbawa.

CHANDARUA: Laiti ningekuwa kitandani, ungenitambua!

MBU: Hata ungekuwa kitandani, dada yangu, mimi na wewe hatuna kesi kubwa. Mimi ni wa mchana. Mwenye kesi na wewe ni Anofelesi, yule wa malaria, anayetoka watu wakishazima taa. Kila usiku anakuombea dua uendelee kulinda mchicha.

CHANDARUA: Nipe heshima yangu. Mimi niliingia nyumba hii ndani ya begi la mwanafunzi. Mpango ule wa kugawa vyandarua mashuleni ulianzia huku kwetu kusini, Lindi, Mtwara na Ruvuma, mwaka 2013. Nilipofika nilipigiwa vigelegele. Wiki ya kwanza nikatundikwa. Wiki ya pili wakasema nawatia joto. Wiki ya tatu kuku wakaonekana wanadonoa mchicha.

MBU: Na tangu siku hiyo hakuna jani hata moja la mchicha lililougua malaria. Hongera sana.

MTUNGI: Usimcheke mwenzio. Ndugu yake wa nyumba ya pili amepelekwa baharini kukokota dagaa. Kutwa yumo majini, jioni anarudi na shombo, na dawa yote aliyopakwa imebaki huko huko.

MBU: Simcheki, babu. Nawasifu wenye nyumba. Wanajua kila kitu hawa. Uliza mtu yeyote Msimbati malaria inaletwa na nini, hata mtoto wa chekechea atakujibu. Tazama huyo Mwenye Nyumba barazani, amelala na fulana ya kampeni ya mwaka 2010, imeandikwa kifuani "Malaria Haikubaliki". Begani imetoboka. Leo nimepitia hapo hapo kwenye tundu.

CHANDARUA: Huna haya.

MBU: Ningekuwa nayo ningekufa njaa. Halafu mimi ni mdogo kwa visa. Kamuulize shangazi Kuleksi wa kule chooni, yule anayebeba minyoo ya mabusha na matende. Wapimaji walikuja hapa usiku wa manane, maana minyoo ile michanga usiku ndipo inapotoka kwenye damu ya pembeni ikaonekana. Walitaka tone moja tu la kidole. Mwenye Nyumba akapiga kelele, "Mumiani! Wanyonya damu!" Wakaondoka. Naye wakati huo yuko barazani kifua wazi, shangazi anakunywa bure, hana kitambulisho wala daftari.

MTUNGI: Wageni wakija usiku lazima watu watie shaka.

MBU: Kutia shaka ni haki yao. Ila mbona mimi hawanitilii? Wanasema natoka ng'ambo ya Ruvuma, nimevuka na pantoni ya Kilambo bila nauli. Wengine wanasema manispaa ndiyo inayonifuga. Babu, mbu wa kabila langu kwa kawaida haendi mbali na alipozaliwa, hata mita mia mbili ni safari ya kuagwa. Mbu anayemuuma Mwenye Nyumba ni mzaliwa wa Mwenye Nyumba. Mimi nimezaliwa kwenye kifuu kile pale nyuma ya jiko, kilichokunwa nazi ya Idi. Mama alizaliwa kwenye tairi la bodaboda. Sisi ni wenyeji, tumekosa hati ya kiwanja tu.

(Mwenye Nyumba anajigeuza barazani, anajipiga kofi shingoni, anaendelea kukoroma.)

MBU: Lakini lipo linaloniuma. Mwezi uliopita alishikwa na homa. Magoti yakamkaza, vidole vikamvimba, akawa anatembea ameinama kama mtu aliyeangusha sindano mchangani. Akamtuma mtoto dukani, "Niletee dawa mseto, malaria imenipanda." Malaria! Kila homa malaria! Heshima yangu iko wapi?

MTUNGI: Alipima?

MBU: Hakupima.

MTUNGI: Basi na wewe usijitape. Huenda ni kazi yako, huenda ya Anofelesi, huenda ya mwingine kabisa. Asiyepima hana wa kumlaumu, na duka halikatai pesa.

MBU: Sawa. Lakini jina la ugonjwa wangu mbona wamelisahau, na ni jina la kwao? Babu, wewe umetoka Newala. Sema.

MTUNGI: Hilo nalijua, nilisimuliwa na mitungi ya zamani. Mwaka 1952, Uwanda wa Makonde. Kule juu hakuna mto. Akina mama walikuwa wakishuka mteremko alfajiri kutafuta maji bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Maji ya jasho namna hiyo nani atamwaga? Yaliwekwa ndani, mitungi haikauki, ya leo yanaongezwa juu ya ya jana.

MBU: Pepo yetu!

MTUNGI: Ndipo homa ikaingia, nyumba kwa nyumba, ikawakunja watu viungo hadi mtu mzima anashindwa kunyoosha mgongo. Wenyeji wakaipa jina kwa Kimakonde, chikungunya, yaani kinachomkunja mtu. Daktari Marion Robinson akaandika juu yake mwaka 1955, na mwenzake Lumsden akaeleza habari za mbu na hayo maji ya ndani. Dunia nzima ikalichukua jina lile kama lilivyo.

MBU: Msikie sasa! Mwaka 2004 tukaibuka Lamu, wakati wa ukame, watu wanahifadhi maji kwenye kila chenye mdomo. Mwaka 2005 tukawa Komoro. Kutoka hapo Réunion, ambako theluthi moja hivi ya watu wa kisiwa kile waliugua, ingawa huko kazi ilifanywa na binamu yangu mwenye mistari. Mwaka 2007 Italia. Mwishoni mwa 2013 visiwa vya Karibi. Vinyago vya Kimakonde vimefika Ulaya, korosho imefika India, lakini neno la Kimakonde linalotamkwa na madaktari wa dunia nzima ni letu. Hapa kwao wananiita malaria!

CHANDARUA: Na dawa yake ipo?

MBU: Ya kuiua, hapana. Wanamtuliza maumivu, anakunywa maji, anapumzika. Viungo vinaweza kumsumbua miezi. Ndiyo maana sipendi watu wanaoongea habari za kufunika mitungi. Ni wachochezi.

(Mjukuu anapita mbio akinguruma kama basi, ameshika duara la mbao kwa mikono miwili. Anakata kona kwenye mchicha, anaanguka, duara linabingirika hadi chini ya Mtungi. Mjukuu anaitwa jikoni.)

MTUNGI: Kifuniko! Mwanangu, ulikuwa wapi?

KIFUNIKO: Shikamoo babu. Mimi sasa ni usukani. Leo tu nimekwenda Masasi mara mbili na Songea mara moja. Kona ya Mikindani tumepinduka, abiria wote salama.

MTUNGI: Na mimi nimekaa wazi tangu mavuno ya korosho.

KIFUNIKO: Nifanyeje, babu? Kila jioni Bibi akiniona mkononi mwa mtoto anasema, "Kesho utanirudishia kifuniko changu."

MBU: Kesho! Katika Kiswahili chote sijapata neno tamu kama hilo. Kutoka yai hadi kuruka, joto likiwa kama hili, mimi nahitaji siku saba mpaka kumi tu. Bibi anasema atausugua mtungi kesho. Baba atafukia vifuu kesho. Tairi litatobolewa kesho. Kesho saba zikipita, ukoo wangu una harusi.

CHANDARUA: Ajabu ya nchi hii! Hapo Madimba gesi ya Mnazi Bay imefungiwa kwa koki na mabomba, haivuji hata pumzi, inasafirishwa mpaka Dar es Salaam. Nyumbani tumeshindwa na kipande cha mbao.

MBU: Gesi ikivuja kuna meneja atafukuzwa kazi. Mtungi ukikaa wazi nani anafukuzwa?

(Simu inalia ndani. Sauti ya Bibi inapasua mchana.)

BIBI: Nini? Mkwe? Mkwe yuko Madimba, anakuja na bodaboda? Leo? Jamani amkeni! Mkwe huyo!

Nyumba nzima ikasimama kama iliyochomwa moto. Mwenye Nyumba akaivua fulana yake, akatafuta kanzu. Ufagio ukapita uani, vifuu vikakusanywa vyote na kutupwa shimoni. Tairi likaburutwa. Chandarua akavutwa kutoka kwenye mchicha, akakung'utwa, akaoshwa polepole kwa sabuni ya kipande na kuanikwa kivulini, maana mkwe huenda akalala, na mkwe hawezi kulala bila chandarua. Bibi akamwinamia Mtungi, akamwinua, akamwaga maji yote chini ya mgomba. Sindimba ikakoma.

MBU (juu ya mkorosho): Amwage tu. Mayai yangu mengine yamenata ukutani juu ya mstari wa maji. Yanaweza kukaa makavu miezi, maji yakirudi yanaanguliwa.

Lakini Bibi hakuishia kumwaga. Alichukua kumbi la nazi na mchanga, akaingiza mkono hadi begani, akasugua tumbo, akasugua shingo, akazunguka ndani kwa kucha zake, mpaka Mtungi akakohoa kwa kutekenywa. Akasuuza mara mbili. Akajaza maji mapya, akafunika.

KIFUNIKO: Babu, nimerudi.

MTUNGI: Umechelewa, lakini umerudi. Saa moja haijatimia, na yote yamekwisha!

CHANDARUA: Kumbe nguvu walikuwa nazo.

MTUNGI: Nguvu hawajawahi kukosa. Walikosa mkwe.

Mkwe akafika, mwanamke mrefu wa Mikindani mwenye ushungi wa hariri. Akakaribishwa mkekani, akaletewa maji. Akanywa, akafunga macho.

MKWE: Maji ya mtungi matamu haya, mkwe wangu. Nimeanza biashara ya samaki, nitakuwa nachukua mzigo hapa Msimbati kila Ijumaa. Nitakuwa napita kunywa maji yako.

BIBI: Kila Ijumaa? Karibu sana, mkwe wangu. Hapa ni kwako.

Juu ya mkorosho, Mbu akainua miguu yake mmoja mmoja, akihesabu: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Miguu ikaisha. Akaihesabu upya, akianzia wa nyuma. Ilikuwa sita ile ile.