Pongezi kwa Bunge kwa Kutufundisha Nani Huzeeka

Kwa: Waheshimiwa Wabunge,
Bunge la Uganda, Kampala.

KUH: KIKOMO CHA UMRI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Walukuba, Jinja, mikono ikiwa na grisi. Naandika kuwapongeza, na mniwie radhi kwa kuchelewa.

Septemba 2017 mlirushiana viti, na Desemba mkakubaliana kwamba miaka 75 isiwe tena kizuizi kwa anayetaka urais. Mwaka uliofuata mkarekebisha Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani, mkaamua kwamba gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa lisiingizwe nchini. Hata mimi, fundi wa Jumapili, nilielewa hekima yenu mara moja: chuma huzeeka, kiongozi hazeeki.

Shida yangu ni ndogo. Uani kwangu kuna Peugeot 404. Ilikuwapo Uganda kabla ya sheria yenu, kwa hiyo haina kesi. Ila sakafu imeliwa na kutu. Huko Kisumu, Kenya, kuna nyingine, sakafu yake nzima, injini imekufa. Kwa mbili hizo, mashine ya kuchomelea na subira, ningepata gari moja lenye afya. Lakini ile ya Kisumu ikifika mpakani Busia inageuka haramu.

Huenda mmelisahau gari hili. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu, na la kwanza lilikuwa 404. Injini yake ya cc 1,618 imeinamishwa upande. Betri ikifa, mbele kuna tundu la hendeli: unazungusha, inanguruma. Haina kompyuta. Pointi zikichafuka unazipiga msasa, kabureta ikiziba unaifumua mezani, na jioni unaenda zako.

Najua hoja yenu ni moshi na ajali. Hoja nzuri sana, ndiyo maana naomba itumike bila upendeleo. Daraja la bwawa la Owen Falls hapa Jinja, lililofunguliwa 1954, lilibeba malori ya kutoka Mombasa hadi daraja jipya lilipofunguliwa Oktoba 2018. Kwa kipimo chenu, lilipaswa kustaafu 1969. Nyumba zetu za Walukuba nazo ni za miaka hiyohiyo ya 1950, na bado tunalala humo. Tuhamisheni haraka, kabla sheria haijatukuta ndani.

Au tuseme kweli. Gari la dizeli la miaka 14, litakalobeba abiria usiku na mchana, umri wake unaruhusu kuingia. 404 itakayotoka Jumapili kwenda kanisani na kurudi, ikiwa imefutwa vumbi mara mbili, ni marufuku. Sheria yenu inasoma cheti cha kuzaliwa, haifungui boneti.

Waingereza, ambao tumerithi kwao hata joho la Spika, waliamua kwamba kuanzia Mei 2018 magari yaliyopita miaka 40 yasilazimishwe ukaguzi wa kila mwaka. Wajerumani huyapa magari yaliyotimiza miaka 30 namba yenye herufi H, baada ya kuyakagua na kuona yametunzwa katika uasili wake.

Sisi wapenda magari ya zamani hatuombi hata msamaha wa ukaguzi. Tunaomba kifungu kimoja tu: gari lililotimiza miaka 30 liruhusiwe kuingia baada ya mkaguzi wa serikali kupima breki, usukani, taa na moshi, na lisibebe abiria wa kulipa. Mkikataa, magari ya zamani yaliyobaki yataishia kwa wauza vyuma chakavu, yayeyushwe, yarudi kwetu yakiwa nondo.

Mlikwisha kusema kwamba mzee asinyimwe nafasi kwa sababu ya miaka yake. Mlisema kwa ajili ya Ikulu. Semeni na kwa ajili ya Busia. Pimeni breki, acheni kuhesabu miaka.

Wenu mtiifu,
Mwenye 404, Walukuba