Ukoo wa Magimbi: Uainishaji kwa Njia ya Koo

Wataalamu huuainisha ukoo wa magimbi, wenye spishi zaidi ya 3,000, kwa kutazama ua. Sisi wa Mbulu na Hanang tunapendekeza kipimo kingine, koo, na sarufi iko upande wetu: uwingi wa ukoo ni koo.

Kwanza istilahi. Huku bara ni gimbi. Pwani ni jimbi, ambalo pia ni jogoo, kwa hiyo mtafiti akitumwa huko bila maelezo anaweza kurudi na sampuli inayowika.

Koo la kwanza ni la Wanaolika kwa Masharti, yaani gimbi lenyewe, la pale chini ya chemchemi penye tope lisilokauka. Linnaeus aliliandika mwaka 1753, Schott akalihamishia jenasi ya Colocasia mwaka 1832, na hakuna kati yao aliyesema lichemshwe muda gani. Ndani yake mna fuwele za kalsiamu oksaleti, sindano ndogo zisizoonekana, ndiyo maana wamenyaji hupaka mikono mafuta. Jaribio letu lilifanyika utotoni nyuma ya jiko: kipande kilichoopolewa kabla ya wakati, kikapulizwa, kikamezwa. Mwanzoni, shwari. Kisha ulimi ukawa kama gunzi, koo likaanza kuwasha mahali kidole hakifiki. Mama hakugeuka hata kidogo. Alichochea moto, akauliza, "Umeshaonja?"

La pili ni la Warembo Wasioliwa: ua jeupe la kando ya bomba, linalokwenda kanisani na harusini. Linnaeus aliliita la Ethiopia, ilhali kwao ni Afrika Kusini. Tena si ua. Ni jani lililojifunga lubega kama mzee wa Kimang'ati mnadani Katesh, likiuzunguka mchi wa njano. Maua yenyewe ni yale madogo yaliyobanana kwenye mchi. Ukilitafuna, utajua ni ndugu wa nani.

La tatu ni la Waliorudi kutoka Ulaya. Zamioculcas huota yenyewe katika misitu mikavu ya Tanzania, bila kusalimiwa na mtu. Miaka ya 1990 Waholanzi wakaizalisha kwa wingi, nayo ikarejea imevaa chungu, majani yanang'aa, ikapewa kona nzuri ofisini. Huvumilia wiki kadhaa bila maji kwa sababu hujiwekea akiba chini ya udongo. Mgeni anayesubiri kuhudumiwa hana akiba hiyo.

Koo la nne linatusumbua. Ni vile vijani vidogo vinavyoelea juu ya dimbwi, ambavyo wanajenetiki wameviingiza katika ukoo huu bila kutushauri. (Usivitafute ziwa Balangida, ni chumvi tupu.) Thailand jamaa zake huliwa kama mboga, na walaji hawakohoi. Kwa kipimo chetu hawa si ndugu. Tulimpelekea mama suala hili. Aliangalia kile kijani kwenye ncha ya kidole changu, akauliza kama sufuria nzima ingehitaji madimbwi mangapi.