Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Pointi

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Pointi, Zawadi na Masharti,
Ghorofa ya Juu, Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: KUFAIDI POINTI ZANGU NINGALI HAI

Ujumbe wako ulinifikia kabla ya adhana ya alfajiri, ukinipongeza kwa kupandishwa kutoka daraja la Shaba hadi la Fedha. Nyumbani tulishangilia. Mama mkwe aliuliza kama cheo hicho kina mshahara. Nilimweleza kwamba kwa sasa kina rangi tu, ila ni rangi ya kupendeza.

Nakuandikia kwa unyenyekevu kwa sababu cheo chako, mtu akikitazama vizuri, kinamzidi Gavana wa Benki Kuu. Gavana alipotaka kuziondoa noti za zamani za shilingi 1,000 mwaka 2019, ilimbidi atangaze hadharani tarehe 1 Juni na kutupa hadi 1 Oktoba. Wewe huna usumbufu huo. Unaizaa pointi, unaipangia thamani, unaishusha ukiamka vibaya, unaizika, kisha malalamiko yakija unayasikiliza wewe mwenyewe. Vigezo na masharti kuzingatiwa.

Matangazo yenu yanatuhimiza tufaidi pointi zetu, nami nataka kufaidi, kwa hiyo nimekaa na kikokotoo. Kwenye kaunta yenu kila shilingi 100 huzaa pointi 1, na pointi 1 nikilipia bidhaa huhesabiwa senti 20. Mteja akiacha kwenu shilingi 50,000 anaondoka na pointi 500, yaani shilingi 100. Hapo nilinyamaza kidogo kwa heshima. Kisha nikafungua orodha ya zawadi kwenye simu. Chupa ya chai: pointi 12,000. Chupa hiyohiyo, chapa hiyohiyo, ipo rafu ya pili dukani kwenu kwa shilingi 1,500. Ukigawa, kila pointi imenunua senti 12 na nusu. Pointi hizohizo zingenilipia unga, mafuta na sukari vya shilingi 2,400. Zawadi yenu, Mheshimiwa, inanitoa shilingi 900. Tangu hapo nawaambia majirani: igawe bei ya dukani kwa idadi ya pointi wanazodai, na jibu likiwa chini ya senti 20, mwachie mwenyewe chupa yake.

Halafu kuna Jumamosi ya Pointi Mara Tatu, siku ambayo watu wenye akili zao timamu husukumana na vikapu. Jirani yangu alirudi na sufuria ya shilingi 2,000 ambayo hakuwa na haja nayo. Alipata pointi 60, amefurahi mno. Pointi 60 ni shilingi 12. Sijamwambia, kwa maana mtaani ni vizuri kuishi kwa amani.

Mhasibu mmoja wa pale kwetu amenifungulia ukurasa ambao hamuusomi redioni. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu iitwayo IFRS 15, inayotumika tangu 2018, inataka sehemu ya pesa niliyolipa itengwe kama wajibu mlio nao kwangu hadi nitumie pointi au ziishe muda. Kumbe vitabuni mimi ni mtu anayewadai! Kwenye ujumbe wa alfajiri ni mtu anayepewa zawadi. Kanuni hiyohiyo inawaruhusu kukadiria pointi ambazo hazitadaiwa kamwe na kuziingiza kidogo kidogo katika mapato. Nimefurahi kujua kwamba usahaulifu wangu una mchango katika uchumi wa taifa.

Sidharau kazi yenu. Korona ilipozituliza ndege ardhini mwaka 2020, shirika la ndege la United la Marekani liliuweka rehani mpango wake wa maili, yaani pointi za wasafiri, likakopeshwa mabilioni ya dola. Ndege zilikosa abiria, lakini pointi ziliendelea kuaminiwa na wakopeshaji. Kwa upande wa wateja namjua mshindi mmoja wa kweli, David Phillips, mhandisi wa California. Mwaka 1999 alisoma masharti ya promosheni ya maili ya chapa ya vyakula ya Healthy Choice hadi mstari wa mwisho, akagundua kwamba kikombe cha pudini cha senti 25 kilihesabiwa sawa na vyakula vyao vya bei ghali. Alinunua zaidi ya vikombe 12,000, akavuna maili zaidi ya milioni 1. Tangu niisome habari hiyo nimekuwa nikikagua bei ya pudini kwenu, na naona mmejihadhari.

Kwa kuwa mfumo ni mzuri kiasi hiki, naomba kibali cha kuanzisha wangu. Kuanzia mwisho wa mwezi nitalipia manunuzi kwa Pointi za Mteja. Keshia atapata pointi 1 kwa kila shilingi 100 nisiyolipa, na atazikomboa kwa zawadi nitakazochagua, nikiwa na haki ya kubadili thamani bila taarifa. Mwenye nyumba wangu nimeshamsajili daraja la Dhahabu. Ameniomba funguo.

Nina haraka kwa sababu ya jambo moja. Wadai wa kampuni ya maduka makubwa ya Nakumatt walipopiga kura ya kuivunja Januari 2020, benki, wasambazaji na wenye majengo walikuwa wakigombania kilichosalia. Kwenye habari sikuona foleni ya wenye pointi. Kadi zao za pointi, zile za Smart, zingali mapochini, hazina hata mkwaruzo.

Basi ninaomba mawili. Chapeni kwenye kila risiti thamani ya pointi zangu kwa shilingi na senti, kwa herufi za ukubwa uleule mnaotumia kunipongeza. Na siku mtakapotaka kuishusha, tupeni miezi minne, kama alivyofanya Gavana.

Wako mtiifu,
Mteja wa Daraja la Fedha

Nakala kwa: wateja wote wa Shaba, Fedha na Dhahabu. Angalieni salio lenu leo, mkalipie unga kaunta kabla Mheshimiwa hajaamka.