Mchwa na Vitabu vya Kukisia

Tanzania haina mtihani mmoja wa kuingilia chuo kikuu. Kazi hiyo hufanywa na mtihani wa Kidato cha Sita, unaotungwa na kusahihishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973, na ambao kwa kawaida hufanyika mwezi Mei. Kadiri mwezi huo unavyokaribia, maduka ya vifaa vya shule hujaa vijitabu vya maswali na majibu, ambavyo hununuliwa na wanafunzi na pia na watahiniwa wa kujitegemea, yaani wale wanaofanya mtihani wakiwa nje ya shule. Mazungumzo yafuatayo yanatokea usiku katika rafu ya duka moja la Ndalambo, wilayani Momba, kati ya Kiada, kitabu rasmi cha somo; Mwongozo, kijitabu kilichowasili mchana kwa basi kutoka Tunduma; na Mchwa, ambaye husema "sisi" kwa kuwa mchwa hawakuzoea kusema vinginevyo.

MWONGOZO: Shikamoo, babu.

KIADA: Marahaba, mjukuu. Umetuletea nini?

MWONGOZO: Mwongozo huu umesheheni maswali yote yanayotarajiwa kutoka, majibu yake, pamoja na nondo, kama wanafunzi wanavyoziita hoja fupifupi za kukariri. Umeandaliwa na jopo la walimu wenye uzoefu wa muda mrefu.

MCHWA: Jopo hilo lina majina?

MWONGOZO: Nafasi haikutosha kwenye jalada.

MCHWA: Nafasi ya picha ya kijana aliyevaa joho ilitosha. Bwana Mwongozo, sisi tumekwisha kula miongozo minne ya Historia katika rafu hii, wa jalada jekundu, wa bluu, wa kijani, na ule uliojiita toleo jipya lililoboreshwa, na ladha ilikuwa moja. Wa kwanza ulisema Mkutano wa Berlin ulianza mwaka 1848, bila shaka kwa sababu mpiga chapa alizipindua tarakimu. Wa pili ukasema 1848. Wa tatu 1848. Ulioboreshwa ukasema 1848 kwa wino mzito. Vijana wetu waliokula wino huo waliumwa tumbo, wazee wakaitisha kikao, kikao kikaunda kamati ndogo, na kamati ikaripoti kwamba kosa lililonakiliwa mara nne lisiitwe tena kosa, liitwe makubaliano ya wataalamu.

KIADA: Ulianza 1884, ukaisha 1885.

MCHWA: Mzee, hakuna aliyekuuliza. Ndiyo maana hununuliwi: unajibu bila kudai malipo.

MWONGOZO: Na asijifanye msafi! Si ni vitabu vya ukoo wake, vyenye ithibati, yaani kibali cha serikali cha kutumika shuleni, ambavyo mbunge James Mbatia alivilalamikia bungeni mwaka 2013 kwa makosa yaliyomo, hadi kamati iliyokuwa ikitoa ithibati ikavunjwa?

KIADA: Ni kweli, na ukoo uliaibika.

MCHWA: Aibu hiyo ina faida yake, kwa sababu kitabu chenye anwani kinaweza kushtakiwa bungeni. Wewe ukikosea, ashtakiwe nani? Jopo?

MWONGOZO: Mtahiniwa hana muda wa mashtaka, anataka kujua kitakachotoka.

MCHWA: Basi amuulize mtungaji, maana mtungaji hujisemea mwenyewe. Kuna mteja aliyechapisha taarifa moja hapa dukani akakosa hela ya kuichukua, ikabaki chini ya mashine ya fotokopi, na sisi tukaisoma kwa njia yetu. Inaitwa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, nayo hueleza swali kwa swali nini kilitakiwa, wengi walikosea wapi na kwa nini, tena kwa kuonyesha sampuli za majibu mazuri na mabaya. Baraza huweka taarifa hizo kwenye tovuti yake bure, pamoja na fomati, yaani maelezo ya muundo wa kila karatasi na mada zinazopimwa. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao ambamo kitabu cha kiada husomwa kwenye simu bila kulipia kitabu chenyewe.

MWONGOZO: Cha bure hakiheshimiki. Mwongozo huu unaahidi Divisheni ya Kwanza.

MCHWA: Anayeahidi angejifunza kwanza kuhesabu. Katika ukokotoaji wa Tume ya Vyuo Vikuu, A ina alama 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, na kigezo cha chini cha kawaida cha kuingia chuo kikuu ni alama 4 kutoka masomo mawili ya tahasusi, yaani mkusanyiko wa masomo matatu kama Historia, Jiografia na Kiingereza. Mwenye D mbili anatimiza kigezo, ingawa kutimiza si kuchaguliwa. Umbali wa kutoka hapo hadi A haujazwi kwa nondo, kwa sababu swali la insha humtaka mtahiniwa ajenge hoja na kuitetea kwa mifano, naye aliyekariri vichwa vya habari huviandika vyote, hata visivyoulizwa. Na lawama si za watoto peke yao. Yupo mwalimu anayefundisha nusu ya mada darasani na kuiuza nusu ya pili kama kitini. Ipo shule inayoamuru kila mwanafunzi anunue kitini hicho. Yupo mzazi anayeuza madebe ya mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, ili anunue miongozo mitatu yenye maneno yaleyale, huku yeye na mwanawe wakiwa hawajawahi kufungua hata taarifa moja ya Baraza. Huu ni uvivu uliopewa jalada, na wanaoufadhili wanajua kusoma!

MWONGOZO: Mwongozo huu hautishwi na mdudu. Kesho asubuhi utauzwa.

MCHWA: Utauzwa, tena nakala zote. Ndiyo maana usiku huu tumeanzia ukurasa wako wa mwisho, kwenye majibu.