Ni Kama Nini Vile?

Mtaalamu katoka Kalemie hadi Ankoro kuhubiri Mastodon, mtandao wa kijamii usio na mwenyewe, uliozaliwa Ujerumani mwaka 2016. Mfano wake uko tayari: "Ni kama barua pepe." Mfano mzuri, ila hapa Mto Luvua unapoingia Lualaba, barua pepe za wengi zilifunguliwa na muuza simu, na nywila akabaki nayo yeye.

Akageuza. "Basi ni kama Airtel na Vodacom. Kila mtu na kampuni yake, lakini mnapigiana."

Mama muuza samaki akafungua fundo la kitenge, akatoa simu ya laini mbili. "Ndiyo maana ninazo zote, mwanangu. Kupigia upande wa pili kunamaliza uniti."

Mtaalamu hachoki. Akashusha seva, akashusha itifaki ya ActivityPub inayoziunganisha, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2018. Hakuna tajiri wa kuununua mtandao huu wote, akasema, kama Elon Musk alivyoinunua Twitter mwaka 2022 kwa dola bilioni 44. Hapo mama akaitikia kwa heshima. Bilioni hazihitaji mfano.

"Na wa hapa kwetu, nani yuko huko?"

"Ukiingia wewe, mama, tutakuwa wawili."