Mjomba Miksa Anajibu: Trei za Mayai, Godoro la Ndoa na Jogoo wa Jirani

Shikamoo Mjomba. Nimegeuza chumba changu hapa Mbagala kuwa studio. Nimekula mayai asubuhi, mchana na jioni, trei zote nikabandika ukutani mpaka darini. Bado mama mwenye nyumba anagonga kila nikipiga biti, na vokali zangu zinasikika kana kwamba nimefungiwa ndani ya pipa. Nimekosea wapi? – Mla Mayai

Marahaba, mpwa wangu. Kwanza pole kwa tumbo.

Kuna kazi mbili ambazo vijana wengi huzichanganya: kuzuia sauti isitoke nje, na kutuliza mwangwi uliomo ndani. Ya kwanza inataka uzito. Tofali, plasta, mlango wa mbao nzito, na kuziba kila upenyo, maana hewa ikipita na sauti imepita. Trei ni karatasi, besi haina hata habari nayo. Mama mwenye nyumba anaisikia biti yako yote, na nadhani sasa ameshaikariri.

Kazi ya pili trei huigusa kidogo tu, tena kwenye sauti nyembamba za juu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo noti ya besi ya hezi 100 ina wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 3. Karatasi yenye kina cha sentimita 5 itamfanya nini mgeni wa mita 3? Umezipunguza zile za juu, besi imebaki inazunguka chumbani inavyotaka, na hilo ndilo pipa lako. Zibandue. Isitoshe, ni karatasi kavu kando ya soketi iliyobeba kompyuta, feni na spika, nami sitaki kukusoma gazetini. Weka vitu vinene: pamba ya kioo ya sentimita 10 ndani ya fremu ya mbao iliyofunikwa kitambaa, ukianzia kwenye kona, ambako besi hujazana. Kama hela hakuna, mablanketi mazito, zulia na kabati la nguo vitakusogeza mbele sana.

Na mama mwenye nyumba? Vaa hedifoni.

Mjomba, mume wangu amechukua godoro letu akalisimamisha ukutani eti ni studio. Tunalala mkekani. Nikisema, ananijibu kwamba Billie Eilish alirekodi chumbani akapata Grammy. Ni kweli au ananidanganya? – Nisiye na Godoro, Tabata

Ni kweli, mama. Albamu yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 2019, sehemu kubwa ilirekodiwa katika chumba cha kulala cha kaka yake, Finneas, nyumbani kwa wazazi wao Los Angeles, na mwaka 2020 ikatwaa Grammy ya albamu ya mwaka. Ila mume wako amekuficha jambo moja: chumba kile kilikuwa na kitanda, na godoro lilikuwa juu ya kitanda.

Godoro likiwa limelala mahali pake linanyonya sauti vilevile. Mwambie hivi: maiki nyingi za kuimbia husikia zaidi mbele yake kuliko nyuma. Mbele yake yupo yeye, na mgongoni pake ndipo ukuta unaporudisha mwangwi. Basi afungue kabati, alipe mgongo, nguo zenu zining'inie nyuma yake, maiki imtazame. Vitenge vyako vitafanya kazi nzuri kuliko alivyolifanyisha godoro. Leo mlale kitandani. Akikataa, mwimbie wewe, uone kama atapata usingizi.

Nimenunua maiki ya kondensa ya bei kubwa. Inanasa jogoo, jenereta, bodaboda na adhana. Ninunue ya bei zaidi? – Prodyuza Mtarajiwa, Mwanza

Ya bei zaidi itamnasa jogoo vizuri zaidi.

Kondensa ni maiki yenye masikio mepesi, hupewa umeme wa volti 48 na husikia mpaka pumzi ya mtu wa pembeni. Inafaa chumba kilichotulia, na wewe huna. Chukua ya dainamiki, uimbe kwa karibu, sentimita 5 hadi 10, sauti yako iifunike ya jogoo. Usidhani ni ya maskini: Michael Jackson aliimba sehemu nyingi za Thriller ya 1982 kwenye Shure SM7, nayo ni dainamiki. Herufi "p" na "b" zikipasuka, vuta soksi ndefu ya nailoni kwenye kitanzi cha waya, isimame mbele ya mdomo.

Adhana ina ratiba, nawe panga yako. Mvua juu ya bati haina dawa. Kaa uandike mashairi.

Sauti yangu inanifikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa, naimba nyuma ya biti. – Mchelewaji

Punguza bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kukurudishia, kwenye programu yako ya kurekodia. Sampuli 1,024 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 23 kabla hata ya ucheleweshaji mwingine, ila 128 hazifiki 3. Ukimaliza kuimba na kuanza kumiksi, irudishe juu, kompyuta ipumue. Kama bado unachelewa, basi si bafa.

Mjomba, nimekutumia wimbo wangu. Prodyuza anasema nisihangaike na mazoezi, Auto-Tune itanirekebisha. – Sauti ya Dhahabu

Nimeusikiliza. Auto-Tune ilitoka mwaka 1997, na aliyeibuni, Andy Hildebrand, kabla ya hapo alikuwa akichambua mawimbi ya ardhini kwa ajili ya watafuta mafuta. Programu yenyewe husogeza sauti kwenye noti iliyo karibu nayo zaidi. Wewe, mpwa wangu, uko katikati ya noti mbili muda wote, kwa hiyo inachagua, na mara nyingi inachagua ile nyingine. Fanya mazoezi. Au mtafute Hildebrand, umwombe arudie ile kazi yake ya kwanza, maana noti yako iko chini sana.