Kanuni ya Tokyo na Kiti cha Bibi

Runinga ya Bibi ilianza kusumbua wiki ileile tamthilia ilipofika pazuri, mawifi wabaya wanakaribia kuumbuliwa. Kwa nyumba kama yetu, nje kidogo ya mji wa Tanga, hilo ni janga la ukoo mzima. Picha inaganda, nyuso zinakatikakatika vipande vya mraba, kisha kioo cheusi na maandishi ya king'amuzi kwamba hakuna mawimbi. Enzi za analojia mawimbi yakipungua uliletewa chenga, lakini angalau mtu ulimwona akilia. Dijitali haina huruma hiyo. Juu ya kiwango fulani picha ni safi kabisa. Teremka kidogo tu chini yake, huna kitu.

Mama akataka aitwe fundi. Shemeji, mume wa dada yangu, aliyesomea uhandisi wa mawasiliano, akasema fundi wa nini na yeye yupo. Dada akaangalia pembeni. Anamjua mumewe.

Fundi wa kawaida angepanda juu ya bati akazungusha antena. Shemeji aliingia jikoni, akaokota kipande cha mkaa, akaanza kuandika ukutani.

Alianzia kwa Harald Friis, mhandisi wa Maabara za Bell kule Marekani, ambaye mwaka 1946 alitoa kanuni ya mawimbi ya redio yanayosafiri mahali patupu, pasipo kizuizi chochote. Hapo hesabu ni nyepesi: umbali ukizidi maradufu, nguvu inayofika hubaki robo, yaani hupungua kwa desibeli 6. Mnara uko kilomita 18, masafa ni megahezi 600. Jibu likatoka: upotevu wa desibeli 113.

"Kwa hesabu hii," akasema, "hata uma ungetosha kuwa antena."

"Sasa tatizo nini?" Mama akauliza, sufuria mkononi, hana pa kupita.

"Tatizo ni dunia."

Hapo alisema kweli. Dunia ina vilima, minazi na nyumba za watu, na hayupo awezaye kuandika hesabu ya kila ukuta. Kwa hiyo Yoshihisa Okumura na wenzake wa Japani waliamua kupima. Walizunguka Tokyo na viunga vyake wakirekodi nguvu ya mawimbi, na mwaka 1968 wakachapisha michoro yao. Mwaka 1980 Masaharu Hata akaigeuza michoro hiyo kuwa kanuni ambayo mtu anaikokotoa kwa kalkuleta ya kawaida. Inataka vitu vichache tu: masafa, umbali, urefu wa mnara, urefu wa antena ya mpokeaji. Kisha inauliza swali moja ambalo lilitaka kuvunja ukoo: mpokeaji yuko mjini, pembezoni mwa mji, au mahali pa wazi?

"Mjini," akajibu Mjomba, aliyekuwa amekuja kula tu. Mjomba ni mwenyekiti wa mtaa. Mitaa iko mjini na vitongoji viko vijijini, na yeye hakugombea kitongoji.

"Mji gani wenye kunguru kuliko watu?" Bibi akauliza kutoka kwenye kiti chake. "Hapa ni shamba. Minazi hii nimeipanda kwa mikono yangu."

"Mama, serikali ilishatutangaza mji."

"Basi serikali ije inirudishie tamthilia."

Msidhani ni ubishi wa maneno matupu. Kwa mnara wa mita 60 na mlingoti wetu wa mita 6, kanuni ya Hata inatoa upotevu wa desibeli 149 kama ni mji, 140 kama ni pembezoni, na 122 kama ni mahali wazi. Kati ya jibu la Mjomba na jibu la Bibi kuna desibeli 27, na desibeli 27 maana yake nguvu inatofautiana karibu mara 500. Kanuni yenye logarithimu kila kona, lakini uamuzi mzito kuliko yote unaachiwa macho ya mtu aliyesimama mlangoni. Shemeji, kwa kuogopa pande zote mbili, akachagua pembezoni. Wote wawili wakamnunia.

Alipokwisha kujumlisha, akatangaza kwamba mawimbi yanatosha. Runinga ikaendelea kuwa nyeusi.

Akaeleza kwamba kanuni hutoa thamani ya katikati: kwenye eneo lenye sifa kama hizi, nusu ya sehemu zitapata mawimbi zaidi ya hapo na nusu zitapata pungufu, na kupishana kwa desibeli 6 au 8 ni jambo la kawaida.

"Na kiti changu kiko nusu ipi?" Bibi akauliza.

Nimesikia maswali mengi kuhusu hesabu za mawimbi. Lile ndilo bora, na Shemeji hakuwa na jibu.

Akarudi ukutani, maana hapo ndipo ana raha. Kwa kanuni hiyohiyo, kila mita inayoongezwa kwenye mlingoti wetu inaleta desibeli 2 na ushee. Mjomba aliposikia hivyo, akamwita mkwezi. Antena ikafungwa kwenye mnazi, mita 14 juu, huku Shemeji akipiga kelele chini kwamba kanuni ya Hata inaishia mita 10. Mkwezi akamjibu kwamba mnazi hauishii hapo. Waya ukawa mfupi, ukaungwa kwa kusokotwa na kufungwa kitepu. Waya wa aina ile ukifika mita 30 unakula desibeli 5 hivi wenyewe, na maungio ya namna ile yana ulafi wao. Hata hivyo picha ilikuja! Bibi akapiga kigelegele. Kisha kusi ikavuma, mnazi ukaanza kuyumba, na antena ikawa inaangalia mnara, bahari, mnara, bahari. Tamthilia ikaonekana kwa zamu. Usiku nazi moja ikamaliza kazi: ilishuka na antena, ikapitia bati la banda la kuku.

Asubuhi Mjomba alikuja na panga, mara hii akiutazama mwembe ulio mbele ya nyumba. Shemeji alishampigia hesabu: kuna kanuni ya Weissberger ya mwaka 1982 kwa ajili ya miti, nayo inasema majani yenye kina cha mita 10 katika masafa yetu yanameza karibu desibeli 4. Asichomwambia ni kwamba kanuni ya Weissberger ilihusu miti yenye majani makavu, yaani yasiyolowa, ya nchi zisizo za joto. Mwembe wa pwani uliolowa mvua si mti huo. Bibi hakuhitaji maelezo hayo. Alihamisha kiti, akakaa chini ya mwembe, akaagiza chai. Panga likarudi nyumbani.

Aliyemaliza shauri ni mtoto wa dada. Alitumwa akaitoe antena bandani, na wakati anaibeba king'amuzi kilikuwa kinawaka. Mama akapiga ukelele dirishani: "Simama hapo hapo!" Mtoto akasimama, nyuma ya banda, antena usawa wa bega lake. Picha safi. Akasogea hatua moja, giza. Akarudi, picha.

Kwa megahezi 600, wimbi moja lina urefu wa nusu mita. Mawimbi yanayokuja moja kwa moja na yale yanayorudishwa na mabati na kuta hukutana, penginepo yakasaidiana, penginepo yakauana, na mtu akihama robo mita tu mambo yanaweza kugeuka. Okumura na Hata hawakudai kulijua hilo kwa ajili ya banda letu. Walitafuta wastani wa eneo ili mhandisi ajue aweke minara mingapi na wapi, na kwa kazi hiyo kanuni yao imetumika sana. Kukutafutia sehemu ya kuchimbia mlingoti haikuwa kazi yake. Kwa hiyo fundi akija kwako, usimruhusu atoboe ukuta wala achimbe shimo kabla hajaizungusha antena uani mkononi, king'amuzi kikiwa kinawaka na mtu mwenye sauti amesimama dirishani.